Kwa Mtu wa Kisiwani Anayetaka Kupanda Mlima

Unguja na Pemba hazina mlima. Mgongo wa Masingini, ambao ndio kama paa la Unguja, haufiki hata mita 200 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Pemba ni vingi lakini vifupi. Aliyezaliwa Mkunazini, Makunduchi au Konde amevuta hewa nzito ya pwani tangu siku ya kwanza ya uhai wake. Siku hizi watu wetu wanavuka maji kwenda kupanda: vikundi vya skuli, wafanyakazi wenza, marafiki waliochangishana mwaka mzima. Jambo hili nalipenda sana. Lakini nimeshaona watu wetu wakiteremshwa juu ya machela, na karibu kila mara chanzo chake ni kitu ambacho kingerekebishwa huku huku kisiwani, kabla ya mtu kukata tiketi ya boti.

Bahari twaijua. Mvuvi wa Kizimkazi akiona kusi limechafuka, anaivuta ngalawa yake pwani na kusubiri, na hakuna anayemcheka. Mlima nao unataka heshima hiyo hiyo. Nimeziandika hatua hizi kwa mpangilio wa kuzifanya, kuanzia miezi miwili kabla ya safari.

Hatua ya 1: Nenda ukapimwe

Usianze na viatu, anza na daktari. Mweleze wazi unakwenda mita ngapi juu, maana "napanda mlima" peke yake haimwambii kitu. Pima shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Wenye pumu, maradhi ya moyo, au ujauzito wasikate shauri bila ushauri wake.

Lipo moja ambalo kwetu pwani halizungumzwi vya kutosha: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe anajijua, na milima mirefu si mahali pake. Lakini wapo wengi waliorithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, wanaishi bila tatizo lolote, wala hawajui kwamba wanayo. Huko juu ambako oksijeni ni chache, damu ya mtu wa namna hiyo inaweza kuganda kwenye bandama na kumletea maumivu makali ya ubavu wa kushoto, na hali ikawa ya hatari. Kipimo chake ni cha damu tu. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu, wewe ndiye wa kwanza kupimwa.

Na nyinyi mnaofanya kazi ya kuzamia na mitungi, Nungwi, Matemwe na kwengineko: msitoke chini ya maji mkaunga moja kwa moja na ndege au mlima. Nitrojeni iliyoingia mwilini wakati wa kuzamia inahitaji muda kutoka taratibu. Ukipanda juu haraka, hutoka kwa mapovu kwenye damu na viungo. Acha angalau saa 24 kamili zipite, na kama ulizamia siku kadhaa mfululizo, ongeza.

Hatua ya 2: Chagua mlima unaolingana nawe

Kilimanjaro ina mita 5,895, na jina lake linamvuta kila mtu. Rai yangu, baada ya kupanda na vikundi kadhaa, ni kwamba mtu wa visiwani asiufanye mlima wake wa kwanza. Anza Morogoro. Kutoka mjini unatembea hadi Morningside, ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani kwenye mteremko wa Uluguru, na kurudi siku hiyo hiyo. Hapo utajua magoti yako yanasemaje na viatu vyako vinakubana wapi. Ukitaka zaidi, vilele vya Lupanga na Bondwa vinazidi mita 2,000, njia zake ni za msitu, matope na mizizi. Wapemba wanaopitia Tanga, Lushoto ndiyo iliyo karibu: Irente unasimama ukingoni na kuiona nyika yote chini ya miguu yako, na hewa ya asubuhi inatosha kukufundisha maana ya baridi.

Usiseme hiyo ni milima midogo. Uluguru mvua inaweza kukunyea saa yoyote, na ukungu unaposhuka huoni mti ulio hatua kumi mbele. Vijito vya Uluguru vinajaa kwa dakika chache mvua ikinyesha juu, hata kama ulipo wewe ni pakavu. Maji yakipita magoti na yanakimbia, usivuke. Kaa ng'ambo hiyo hiyo usubiri yapungue. Siafu wakikatiza njia, ruka mbio, usisimame kuangalia.

Anayetaka mlima wa kweli kabla ya Kilimanjaro, upo Meru. Una mita zipatazo 4,560, na huko unapanda pamoja na askari mwenye silaha kwa sababu nyati na tembo wako njiani. Usimpite askari huyo, hata kama unaona anatembea polepole mno.

Hatua ya 3: Nunua siku

Hapa ndipo watu wetu wanapoangukia. Kikundi kinakaa kupiga hesabu, kinaona njia ya Marangu ya Kilimanjaro, ile ya siku tano, ni rahisi kwa bei kuliko ya siku sita, kinachagua tano. Sasa tazama: lango la Marangu liko karibu mita 1,900. Usiku wa kwanza unalala Mandara, kama mita 2,700. Usiku wa pili Horombo, kama 3,700. Usiku wa tatu Kibo, kama 4,700, na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Madaktari wa milimani wanasema ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne upumzike. Njia hii inapanda mara mbili ya hapo.

Kwa hivyo siku ya sita, ile ya kulala Horombo mara mbili, usiione kama anasa. Siku hiyo unapanda hadi Mawe ya Pundamilia au juu kidogo, unakaa, unarudi kulala chini. Mwili unapata habari mapema kwamba kuna kazi inakuja. Njia za siku saba na nane, kama Lemosho, ni bora zaidi. Kama fedha hazitoshi siku sita, ahirisha mwaka. Mlima hauondoki.

Kuhusu majira: ondoka wakati wa kipupwe, kuanzia Juni, au wakati wa kaskazi, Januari na Februari. Masika tuiachie mvua. Na mwezi wa Ramadhani usipange safari ya namna hii; mwili unahitaji maji kila saa.

Hatua ya 4: Mazoezi ya mahali pasipo na mlima

Ngazi za ghorofa za Michenzani, panda na ushuke, shanta ikiwa na chupa za maji mgongoni. Pwani yenye mchanga mlaini wakati maji yamekupwa, saa mbili bila kusimama. Wapemba mna bahati, barabara ya Wete na Chake ni panda shuka mwanzo mwisho. Wiki nane zinatosha, siku nne kwa wiki.

Jua lakini kwamba mazoezi yanajenga miguu na moyo, hayakukingi na maradhi ya mwinuko. Wanamichezo nao huumia, kwa sababu wana nguvu za kwenda kasi ambayo damu yao haijaizoea.

Hatua ya 5: Nguo

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Mji ukiwa na nyuzi 30, pale Kibo mita 4,700 pako karibu na sifuri, na hiyo ni kabla ya upepo. Usiku wa kilele hushuka mara nyingi hadi kumi chini ya sifuri na zaidi. Baridi hii mtu wa Unguja hana mfano wake. Usiilinganishe na asubuhi ya Julai.

Adui mkubwa ni pamba. Fulana, kanzu, suruali za jinzi, vyote hunyonya jasho na mvua, vikilowa havishiki joto tena. Vaa tabaka tatu. La kwanza, la kugusa ngozi, liwe la sufu au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. La pili liwe zito, sweta la sufu au koti lililojazwa manyoya. La tatu ni koti na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Usinunue vyote vipya. Mitumba ya Karume, Dar es Salaam, ina makoti ya nchi za baridi, na vitu vizito kama mfuko wa kulalia hukodishwa Moshi. Vitu viwili usivikodi: buti na soksi. Buti zivaliwe angalau mwezi mzima kabla, mpaka zikujue.

Ongeza: kofia ya sufu inayofunika masikio, kofia ya jua, glavu mbili mbili, miwani myeusi ya kuzuia miale (juu kule jua huunguza macho na ngozi hata ya mtu mweusi), mafuta ya kukinga jua, tochi ya kichwani na betri za akiba, firimbi, na bakora mbili za kutembelea. Bakora usizidharau, wakati wa kushuka ndizo zitakazookoa magoti yako.

Dada zangu, buibui refu hunasa kwenye mawe na mizizi, nimemwona mwenzangu akianguka kifudifudi kwa sababu hiyo. Suruali pana ya kukausha haraka, juu yake gauni la kufika magotini, na shungi la kitambaa chepesi la kufungwa bila pini. Juu ya shungi, kofia ya sufu. Umestirika na umepata joto. Taulo za kike beba hata kama siku zako bado, kwani mwinuko na uchovu huwahi kuzivuruga, na zilizotumika zirudi chini nawe ndani ya mfuko uliofungwa.

Hatua ya 6: Vibali, kiongozi na wapagazi

Kilimanjaro hupandi bila kibali cha hifadhi na kiongozi mwenye leseni. Uluguru nako ni hifadhi ya mazingira asilia, pita ofisini kwao Morogoro ukate kibali. Chukua kitambulisho chako cha Taifa. Ndicho kitakachokupa kiingilio cha raia badala ya cha mgeni.

Kabla ya kulipa, muulize kiongozi maswali haya na usikilize anavyojibu: Mnabeba oksijeni? Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Mmoja wetu akiumwa, nani atashuka naye, na nani atabaki na wengine? Anayejibu "hamna shida, wote mtafika" muache. Kikundi cha watu sita kinahitaji viongozi wawili kwa uchache, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasibaki yatima. Bima nayo ikatwe, inayotaja wazi uokoaji wa milimani na kimo mnachokwenda. Ziko zinazoishia mita 3,000 au 4,000.

Mpagazi wa Kilimanjaro haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Pale langoni mizigo inapimwa kwenye mizani. Simama uangalie mwenyewe. Hawa ni watoto wa watu, wengine wamevaa viatu ambavyo wewe usingevaa kwenda sokoni. Uliza kama wana mablanketi, kama wanakula milo mitatu. Nao huumwa na mlima, na mara nyingi hunyamaza wakihofia kukosa kibarua. Bakshishi yao ikabidhiwe mbele ya wote.

Hatua ya 7: Aga kwa maandishi

Kuaga ni ada yetu, hakuna anayetoka nyumbani bila radhi ya mama. Ongeza karatasi juu ya radhi hiyo: jina la njia, mnalala wapi kila usiku, nambari ya kiongozi na ya hifadhi, siku na saa mnayotarajia kushuka, na saa ambayo mkiwa kimya nyumbani waanze kupiga simu. Simu zenu wenyewe zitakatika mtandao njiani, na baridi hula betri. Lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia.

Hatua ya 8: Njiani

Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeshazidisha. "Polepole" ya viongozi wa Kilimanjaro wageni wanaichukulia kama wimbo, lakini ni dawa.

Maji lita tatu hadi nne kwa siku, kwa vipimo vidogo vidogo. Mkojo ukiwa wa njano iliyoiva, hujanywa. Hamu ya chakula inapungua kadiri unavyopanda, kwa hivyo beba ladha unazozijua: tende, kashata, halua, karanga, ubuyu, tangawizi ya chai. Usitarajie pilau ya Kibo kuwa kama ya kwenu. Pale maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, mchele haupati moto wa kutosha na mpishi anahangaika nao kweli kweli; kula na umshukuru. Dawa za usingizi usimeze, na za maumivu makali zinazolegeza mwili vile vile, kwani hupunguza pumzi usiku wakati mwili unaihitaji zaidi.

Ukipotea, simama pale pale ulipogundua. Puliza firimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Vaa nguo zote ulizonazo kabla hujaanza kutetemeka. Usifuate mto ukidhani utakufikisha kijijini, utakufikisha kwenye maporomoko.

Kuhusu sala, maana swali hili huulizwa kila mara. Kibla kutoka Kilimanjaro ni kaskazini, ikielemea kidogo mashariki. Wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Kupangusa juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, kwa msafiri ni siku tatu na usiku wake, na kama maji ya baridi yatakudhuru na huna ya kuyapasha moto, tayamamu ipo. Hukumu ya buti na soksi zako kamuulize shehe wenu kabla ya kuondoka, ili usije ukalowesha miguu alfajiri ya Horombo kwa kutojua. Miguu iliyolowa huko haikauki siku nzima.

Hatua ya 9: Jifunze kusema unaumwa

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu yeyote anaweza kupata maradhi ya mwinuko. Kileleni Kilimanjaro kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Forodhani. Kichwa kinauma, chakula kinakataa, unachoka kuliko kazi uliyofanya, unapata kizunguzungu. Kichwa kikiuma na dalili nyingine moja ikaongezeka, yahesabu kuwa ndiyo hayo mpaka ithibitike vingine. Unabaki ulipo, hupandi hata mita moja, mpaka yaishe. Yakizidi, unashuka.

Tatizo letu sisi ni adabu. Tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa na homa, na "alhamdulillahi" hata tukiwa kitandani. Uungwana huo mimi nimeulea na nautaka kwa wanangu. Mlimani unaua.

Mtoto wa mamangu mdogo, kijana wa miaka ishirini na tano, mchezaji mpira, tulipanda naye Marangu. Horombo hakumaliza sahani yake. Nilipomuuliza akasema ameshiba. Asubuhi kiongozi wetu, mzee wa Kichaga tuliyemwita Baba, akamuuliza, "Kijana, hujambo?" Akajibu, "Sijambo, Baba." Tukaendelea. Kibo, magharibi, alitoka kwenda msalani, na aliporudi nikamwona anatembea kama aliye juu ya ngalawa kwenye mawimbi. Baba akamsimamisha mlangoni, akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Ya tatu akayumba, ya nne akashika ukuta.

"Twende chini," akasema Baba.

Nikamwambia, "Baba, usiku umeingia na baridi yote hii. Si tusubiri asubuhi?"

"Asubuhi yake haiko hapa, mwanangu. Iko Horombo."

Nilishuka nao. Muda wa saa nne gizani, kijana katikati yetu, akizungumza maneno yasiyounganika. Tulipofika chini ya mita 4,000, aliuliza kama kuna chai. Nililia njia nzima iliyobaki. Baadaye aliniambia kichwa kilianza kumuuma Mandara, siku ya kwanza, akaona haya kutuharibia safari.

Tangu hapo, katika kikundi changu hakuna kuulizana "hujambo" asubuhi na jioni. Tunauliza mambo manne, kila mmoja ajibu kwa nambari kuanzia sifuri hadi tatu: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Sifuri ni hakuna, tatu ni siwezi kuvumilia. Na kila mtu ana mwenzake mmoja wa kumwangalia, amjue anavyokula na anavyotembea, kwa sababu ubongo uliokosa oksijeni haujijui.

Hali mbili hazisubiri mashauriano. Moja ni hiyo ya ubongo kuvimba: kuyumba, kuchanganyikiwa, ukali usio wake, usingizi usioamshika. Ya pili ni maji kwenye mapafu: anatweta hata akiwa amekaa, kikohozi chenye povu au rangi ya waridi, midomo na kucha kugeuka buluu, kifua kinachokoroma. Yote mawili yanaua ndani ya saa chache. Dawa ya kwanza ni kushuka, sasa hivi, usiku au mvua, mita 500 hadi 1,000 kwa uchache, na mgonjwa asiachwe peke yake hata dakika moja. Oksijeni apewe huku anashuka. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasaidia, lakini nambari yake ikiwa nzuri na mtu anayumba, amini miguu yake.

Asetazolamidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea, waweza kupewa na daktari uanze siku moja kabla ya kupanda. Inawasha vidole na inakupeleka msalani mara kwa mara. Wenye mzio wa dawa za salfa wamweleze daktari kwanza. Wala isikufanye uongeze mwendo.

Baridi nayo ina lugha yake. Anayetetemeka bado anapigana. Anayeangusha vitu, anayesema kwa ulimi mzito, na hasa yule aliyeacha kutetemeka wakati bado ni baridi, huyo anazama. Mvue vilivyolowa, mkinge na upepo, mtie ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mtu mwenye joto, na kama anameza vizuri mpe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi.

Hatua ya 10: Usiku wa kilele

Mnaondoka Kibo kama saa sita usiku. Kokoto zimeganda kwa baridi, ndiyo maana zinapandika. Kabla hamjatoka, wekeni saa ya kugeuka mkiwa bado na akili timamu, muiseme kwa sauti mbele ya kiongozi. Ikifika, mnageuka, hata kama Gilman, pale ukingoni mwa kreta, iko mbele mnaiona. Mwenye kichwa cha nambari mbili au tatu hatoki nje ya mlango usiku huo.

Gilman ni mita 5,685, na cheti kinatolewa pale pia. Uhuru, kilele chenyewe, ikikubali, kaeni dakika chache tu, pigeni picha, shukeni.

Hatua ya 11: Ulichopanda nacho, shuka nacho

Chupa za plastiki za kutumia mara moja ziache mjini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Maganda ya ndizi na machungwa nayo yarudi chini, kule juu baridi haiyaozeshi haraka. Haja ndogo na kubwa, tumia vyoo vilivyopo. Pasipo choo, nenda hatua mia moja kutoka kwenye maji na njia, chimba, fukia, karatasi ibebe. Kumbuka kwamba maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka Uluguru, na ndugu zako wako Dar.

Moto usiwashe, sigara usitupe. Oktoba 2020 moto uliunguza mlima Kilimanjaro kwa siku nyingi, na 2022 ukawaka tena mwezi huo huo. Ile mimea minene ya ajabu utakayoikuta juu ya Horombo, yenye vichwa kama kabichi kubwa, inakua taratibu mno, usiiegemee, usiichume.

Hatua ya 12: Kushuka na kurudi

Vifundo na magoti huumia zaidi wakati wa kushuka, pale mtu ameshafurahi na amechoka. Kaza kamba za buti vidole visigonge mbele, piga hatua fupi, tua bakora kabla ya mguu. Ukijisikia nafuu kila unaposhuka, hiyo ni kawaida. Kikohozi au kutweta kukiendelea hata baada ya kufika Moshi, nenda hospitali siku hiyo, usingoje mpaka uvuke.

Nyumbani watakuuliza, "Umefika?" Waambie ulipofika kwa mita. Mie mara ile nilifika 4,700, na kijana wetu anacheza mpira mpaka leo.

Kabla ya kupanda boti, geuza buti chini juu, ukwangue udongo wote na mbegu zilizonasa kwenye soksi na mikunjo ya suruali. Mbegu za Uluguru zibaki Uluguru; misitu yetu ya Jozani na Ngezi ina mimea yake na haihitaji wageni. Mfuko wa kulalia na koti la kuazima vianikwe juani siku nzima kabla ya kurudishwa, na kama zipu imekwama, mwambie mwenyewe, kwani atakayevaa koti hilo baada yako huenda akalihitaji saa sita za usiku.